Safari ya Lushoto na Milango Iliyotugomea

Wengi wenu mna gari dogo nyumbani lililokwisha tumika Japani kabla ya kufika bandarini kwetu, au mnapanda la shemeji, la jirani au la kanisani. Kwa hiyo mtuvumilie tukianza habari za mahali pazuri kama Lushoto kwa kuzungumzia vitasa vya milango. Mkifika mwisho mtaona kwa nini.

Sisi ni wanawake wanne wa kikundi cha kutembelea wagonjwa majumbani katika usharika wetu, jijini Dar es Salaam. Wawili kati yetu ni wauguzi, mmoja ni mwalimu, na mdogo wetu ni fundi cherehani. Mwaka 2017, kwa michango ya kila mwezi na mauzo ya vitumbua baada ya ibada, tulinunua gari dogo la milango minne. Lilikuwa limetengenezwa mwaka 1999, hivyo lilipoingia mikononi mwetu lilikwisha kuwa na miaka 18. Hatukulilaumu kwa umri wake. Limebeba wagonjwa usiku wa manane, limebeba magodoro, na mara moja limebeba jeneza dogo ambalo hatupendi kulikumbuka.

Tatizo lake lilikuwa milango. Gari hilo lina vitasa vya umeme, vile ambavyo mafundi wetu huviita sentro loki: dereva akifunga mlango wake, mingine mitatu hujifunga yenyewe. Kwanza mlango wa nyuma kushoto uliacha kuitikia. Mingine ikifunga, wenyewe ulibaki wazi, hadi mtu anyooshe mkono na kubonyeza kidude cha loki kwa kidole. Tukaupa jina, tukauita Bibi Kiziwi. Baadaye mlango wa dereva nao ukaanza vituko. Leo unafunga, kesho haufungi. Mara tukiwa tumesimama kwenye taa za barabarani, vitasa vinajifunga na kujifungua vyenyewe, ka-ka, ka-ka, kama mtu anayegonga meno kwa homa.

Tulimpelekea fundi wa kwanza, akabadilisha fyuzi. Gari likatulia wiki mbili. Fundi wa pili akapuliza mafuta kwenye vitasa, likatulia mwezi. Wa tatu akafungua mlango, akafunga waya fulani kwa utepe mweusi, akatuambia tusiwe na wasiwasi. Kila mara maradhi yalirudi. Mwishowe mtunza hazina wetu akasema, na sote tukakubali, kwamba fedha za kikundi ni za wagonjwa na si za kuchezea vitasa. Gari linawaka, breki zinashika, milango tutaifunga kwa mkono. Tukazoea. Hilo neno, mama msomaji, liweke akilini.

Alfajiri kutoka Dar es Salaam

Mwezi Februari 2024 tulialikwa Lushoto, mkoani Tanga, kuwafundisha akina mama wa huko kwa siku tatu juu ya dalili za hatari wakati wa ujauzito. Tuliondoka saa 11 alfajiri ili kukwepa msongamano wa Kibaha. Mdogo wetu alikuja na mwanawe wa mwaka mmoja na miezi miwili, maana bado ananyonya. Bibi Kiziwi tulimfunga kwa mkono kabla ya kuondoka, mtoto asije akaegemea mlango ukafunguka njiani.

Wanaoijua njia hiyo wanajua uzuri wake. Mnapita Mlandizi na Chalinze, na hapo mnaiacha barabara ya Morogoro na kushika ya kulia kuelekea kaskazini. Jua linawachomozea upande wa kulia. Mnavuka mto Wami kwa daraja jipya lililo pana, tofauti na lile la zamani ambapo magari yalisubiriana kila upande. Kisha mnapita Mkata na Kabuku, na huko mnaanza kuona machungwa yamepangwa kandokando ya barabara katika mafungu. Segera barabara inagawanyika: kulia ni Muheza na Tanga mjini, kushoto ni Korogwe na kuendelea Moshi. Sisi tulishika kushoto.

Baada ya Korogwe yanaanza mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka hadi chini ya milima. Mmea huu si wa kwetu kwa asili. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, na kwa miaka mingi ukawa ndiyo fedha ya Tanga. Upande wa kulia milima ya Usambara inawasindikiza kama ukuta wa buluu. Mtoto alikuwa amelala, mwalimu wetu anaimba pole pole, na kiyoyozi, ambacho kwa bahati kilikuwa kizima siku hiyo, kinapuliza. Vitasa viligonga meno mara mbili baada ya Korogwe. Tulicheka.

Dakika kumi na mbili pale Mombo

Mombo ni mji mdogo ulio chini kabisa ya mlima, mahali njia ya Lushoto inapoiacha barabara kuu. Mabasi husimama hapo, na wachuuzi hukimbilia madirishani na ndizi, mahindi ya kuchoma na maji. Lushoto ni baridi, lakini Mombo ni tanuri. Hewa haitembei.

Tulisimama saa 5 na dakika 40 asubuhi. Saa hiyo tunaijua kwa hakika, kwa kuwa mmoja wetu huvaa saa ya kiuguzi kifuani hata akiwa likizo. Mama wa mtoto alikwenda msalani. Wawili wetu walivuka barabara kununua ndizi. Dereva alizima gari akabaki na mtoto, aliyelala kiti cha nyuma upande wa kulia. Ndipo mama muuza ndizi alipoita kuomba mtu wa kumsaidia kubeba mkungu. Dereva akashuka, akaacha ufunguo pale pale kwenye swichi, akasukuma mlango kwa kiuno ili vumbi la basi lisiingie.

Ka! Milango yote ikajifunga.

Vioo vyote vilikuwa juu kwa ajili ya kile kiyoyozi. Ufunguo ulikuwa ndani. Ufunguo wa akiba ulikuwa Dar es Salaam, katika kabati la mtunza hazina. Mtoto naye alikuwa ndani.

Mama yake aliporudi alituona tumeshika vishikio vya milango kila mmoja upande wake. “Dada, mtoto!” alipiga kelele. “Dada, mtoto wangu!” Mtoto akaamka kwa sauti hiyo, akatuona nje ya kioo, akaanza kulia na kunyoosha mikono.

Watu wa Mombo, Mungu awabariki, walikuja mbio. Kijana mmoja wa gereji alileta waya mgumu, akaupenyeza kwenye rabari ya mlango wa mbele kushoto, akakinasa kile kidude cha loki na kukivuta juu. Tukashangilia. Kabla mkono haujavuta kishikio, ka! Kikashuka tena. Akavuta mara ya pili, kikashuka. Mara ya tatu, vivyo hivyo. Gari lilikuwa linajifunga lenyewe kana kwamba lina mtu ndani anayetukatalia.

Mama msomaji, hapa ndipo tunapoona aibu kuendelea, lakini tutaendelea. Wauguzi wawili tulikuwa pale. Tulijua kwamba gari lililofungwa juani huweza kupanda joto kwa nyuzi 10 hivi za Selsiasi katika dakika 10 za kwanza tu. Tulijua kwamba mwili wa mtoto mdogo hupata joto haraka mara 3 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Tumewafundisha wengine hayo. Hata hivyo mtu mmoja aliposema, “Msivunje kioo mama zangu, ni ghali, fundi wa umeme anakuja sasa hivi,” sisi tulisita. Mmoja wetu aliuliza kioo ni shilingi ngapi. Tulimsubiri fundi huyo. Tulisubiri dakika nne.

Ndani, mtoto aliacha kulia. Uso ulikuwa mwekundu na nywele zimelowa jasho. Akajilaza, akawa anatutazama tu. Muuguzi yeyote atakuambia kuwa mtoto anayelia bado ana nguvu. Anayenyamaza ndiye wa kuogopwa.

Mama muuza ndizi akatusukuma kando. “Nyie mnangoja nini?” alisema. “Kioo hununuliwa!”

Tukatia akili. Mtoto alikuwa amelala upande wa kulia, kwa hiyo tukachagua kioo cha nyuma kushoto, cha Bibi Kiziwi. Kijana wa gereji akafunga khanga mkononi, akapiga kwa spana kubwa penye kona ya kioo, kwa maana katikati kioo hunepa na kustahimili. Pigo la kwanza halikufaa. La pili likakiangusha chote kama punje za chumvi ya mawe. Akaingiza mkono, akavuta kidude juu. Nacho kikakaa juu. Mlango ule haukuwa na umeme tena wa kuurudisha chini. Muda wote tulikuwa tunahangaika na mlango mwingine, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kumwambia kijana kwamba upo mlango mmoja usiosikia amri.

Ilikuwa saa 5 na dakika 52.

Tulimkimbiza mtoto kivulini chini ya mwembe, tukamvua nguo, tukampangusa kwa maji ya kawaida shingoni, kwapani na mapajani, huku mwalimu akimpepea kwa upande wa khanga. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 38.9. Baada ya muda akalia, tena kwa hasira, akatafuta ziwa. Hatujawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile tangu tulipokuwa wodi ya wazazi. Tulimpeleka kituo cha afya cha karibu, wakamwangalia zaidi ya saa moja, joto likashuka, akaanza kucheza na kamba za viatu vya daktari. Ndipo mama yake alipokaa chini sakafuni na kulia.

Kupanda mlima bila kioo

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa zipatazo 33, na zote ni kupanda. Barabara inajipinda na mlima, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Tulifunga khanga mahali pa kioo, ikawa inapiga kama tanga la mashua. Kila kona hewa ilibadilika. Penye maporomoko ya Soni, maji yanaposhuka juu ya mawe karibu na barabara, ubaridi uliingia kupitia khanga na mtoto akacheka. Hakuna kati yetu aliyesema neno mpaka hapo. Kisha dereva akasema, “Nisameheni.” Mama wa mtoto akamjibu, “Sote tulicheka pale Korogwe, dada.”

Lushoto imekaa bondeni kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400. Wajerumani, walipotawala, waliuita mji huu Wilhelmstal na kuufanya mahali pao pa kukimbilia joto. Sokoni mtaona kabichi, karoti, viazi, na kwa majira yake peasi na plamu. Jioni watu huvaa masweta. Wenyeji wetu walitupokea kwa chai ya moto, na walipokiona kioo wakatuitia fundi mzee wa umeme wa magari aje asubuhi yake.

Mzee huyo hakubadilisha fyuzi wala hakupuliza mafuta. Alianza kwa kutuuliza maswali, kama anavyofanya mganga mwema: ilianza lini, mlango upi, gari likiwa linakwenda au limesimama, mvua ikinyesha au jua. Kisha akafungua mlango wa dereva, akatuonyesha bomba la rabari lililo kati ya mlango na mwili wa gari, pale penye bawaba.

“Mama zangu,” alisema, “waya zote za mlango hupita humu. Kila mkifungua mlango zinakunjwa, kila mkifunga zinakunjuliwa. Gari hili lina miaka 25. Hesabuni wenyewe.”

Alilivuta bomba lile, na ndani tukaona waya mbili zimekatika nusu na nyingine mbili zimechubuka ganda, shaba inang'aa. Akatueleza kwamba katika gari kama letu mlango wa dereva ni kama mama wa nyumba: mingine husikiliza unasema nini. Ndani ya kitasa chake mna swichi ndogo ya kutoa amri. Waya zilizochubuka zikigusana, mitambo hudhani amri imetolewa, na milango yote hufunga ingawa hakuna aliyebonyeza kitu. Ndiyo sababu kile kidude kilikuwa kikivutwa kinarudi chini. Amri ya kufunga ilikuwa bado inarudiwa. Bibi Kiziwi alikuwa na ugonjwa wake mwingine: kila mlango una mota yake ndogo yenye meno ya plastiki, na ya mlango ule meno yalikuwa yamelika.

Mafundi watatu wa awali hawakuwa wabaya. Walitibu homa bila kupima damu, nasi tukalipa na kuondoka bila kuuliza homa imetoka wapi. Yule wa tatu alifika karibu kabisa, ila alifunga utepe mahali panapokunjwa kila siku, na utepe hauhimili hapo. Mzee alikata sehemu mbovu, akaunga waya mpya laini zenye nyuzi nyingi, akachomea kwa risasi, na maungio akayasogeza mbali na mkunjo, kila moja mahali pake yasije yakagusana. Kisha tulimwomba azime kabisa amri ile ya kufunga yote kwa pamoja. Sasa tunafunga kila mlango kwa mkono, mmoja mmoja. Kazi yake ilikuwa shilingi 45,000. Kwa miaka mitatu tulikuwa tumeikwepa gharama hiyo.

Neno la bibi wa mlimani

Katika semina tuliwafundisha akina mama dalili ambazo mjamzito hapaswi kuzivumilia hata siku moja: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, mtoto kupunguza kucheza tumboni. Siku ya pili tuliamua kuwasimulia yaliyotupata Mombo. Hatukuficha zile dakika nne. Ukumbi ulinyamaza. Mama mmoja kijana akauliza, “Sasa ninyi wauguzi, mlikuwa mnajua yote hayo. Kwa nini mlikaa na milango ile miaka yote?”

Hatukuwa na jibu. Bibi mmoja mwenye mjukuu mgongoni akajibu kwa niaba yetu, “Walizoea.”

Tangu hapo somo letu lilikuwa rahisi. Mama mwenye miguu iliyovimba anasema, “Mimi huwa navimba hivi.” Mwenye kichwa kinachouma anasema, “Ni kawaida yangu.” Sisi nasi tulisema, “Gari letu ndivyo lilivyo.” Dalili ya hatari ikikaa nyumbani muda mrefu hupewa jina la utani, na ikishapewa jina hakuna anayeiogopa tena.

Siku ya mwisho wenyeji walitupeleka Irente, kwenye ukingo wa mlima. Pale ardhi inaisha ghafla, na chini kabisa mnaona tambarare inayokwenda mpaka macho yachoke, na barabara kuu kama uzi. Mabati ya Mombo yalikuwa yanametameta juani. Mama wa mtoto alimfunga mwanawe mgongoni kwa nguvu zaidi, akatazama chini muda mrefu, kisha akasema twende.

Mama mwenzetu, kama una gari la namna hii, tunakuomba ufanye machache. Ukishuka, shuka na ufunguo, hata kwa hatua mbili. Usimwache mtoto ndani, hata kwa kununua chumvi, hata akiwa amelala vizuri namna gani. Kushusha kioo kidogo hakusaidii kiasi unachodhani. Ufunguo wa akiba na usafiri nawe, katika pochi ya mtu mwingine. Vitasa vikianza kujifunga vyenyewe, mwombe fundi atazame waya kwenye bawaba za mlango wa dereva kwanza, na kama huna fedha ya matengenezo, mwambie autenganishe umeme wa vitasa kabisa ufunge kwa mkono. Na mtoto akifungiwa, vunja kioo cha ubavuni kilicho mbali naye, upige kwenye kona. Usipoteze muda na kioo cha mbele, hicho kina tabaka katikati na hakiachii. Bei ya kioo utaiuliza baadaye. Chetu kilikuwa shilingi 60,000, na mtunza hazina ameiandika katika daftari chini ya neno “wagonjwa”.

Wakati wa kurudi tulisimama tena Mombo. Mama muuza ndizi alikuwepo. Tulimkumbatia, tukampa kabichi mbili na karoti za Lushoto, naye akamchukua mtoto na kumrusha juu mpaka akacheka kwa kwikwi. Kisha akatugeukia, akatukazia macho.

“Ufunguo uko wapi?”

Dereva alivuta kamba shingoni mwake akamwonyesha. Mwalimu naye akafungua pochi, akamwonyesha wa pili. Mama yule akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatukatia ndizi.